Chelvanayakam: mwalimu wa Jaffna aliyeahidiwa mara mbili



Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na hakuna mtoto wa madrasa asiyelijua hilo. Lakini wengi wetu tukiisikia kauli hiyo hufikiria ahadi baina ya mtu na mtu: mkopo wa jirani, mahari ya binti, ujira wa fundi. Ni mara chache tunapojiuliza hutokea nini pale ahadi inapowekwa baina ya serikali na sehemu ya raia wake, ikatiwa saini mchana kweupe, kisha ikavunjwa kwa sababu wenye sauti kubwa hawakuipenda. Leo tumeona vyema tuwasimulie maisha ya mtu aliyefikwa na jambo hilo mara mbili, na mambo yaliyoifika nchi yake baada ya hapo. Mtu huyo hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo, Mtamili wa kisiwa cha Ceylon, mwalimu wa sayansi aliyekuwa wakili na kisha mwanasiasa. Jina lake ni Samuel James Velupillai Chelvanayakam.

Kisiwa na watu wake

Kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 kinaitwa Sri Lanka, kipo kusini mwa Bara Hindi. Waarabu wa kale walikiita Sarandibu. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitua Sarandibu mwaka 1344 na akapokewa na mfalme wa Kitamili aliyetawala upande wa kaskazini.

Ili msomaji afuate vizuri kisa hiki, inampasa ayafahamu makundi manne ya watu wa kisiwa hicho. La kwanza na lililo kubwa kuliko yote ni Wasinhala, ambao wengi wao hufuata dini ya Kibudha. La pili ni Watamili wa kaskazini na mashariki, waliokuwapo kisiwani tangu zama za kale. Wengi wao ni Wahindu, na wachache ni Wakristo. La tatu ni Watamili wa milimani, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India katika karne ya 19 kulima kahawa, na baadaye chai. La nne ni Waislamu, ambao asili yao inarudi kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi waliooana na wenyeji. Wengi wa Waislamu hao huzungumza Kitamili nyumbani, lakini hujihesabu kuwa jamii iliyo peke yake, wala si Watamili.

Mwalimu

Chelvanayakam alizaliwa tarehe 31 Machi 1898 katika mji wa Ipoh, huko Malaya, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia kutafuta riziki kama walivyofanya Watamili wengi wa wakati ule. Angali mtoto mdogo alirejeshwa Ceylon, akalelewa katika kijiji cha Tellippalai kwenye rasi ya Jaffna, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Rasi hiyo ni ardhi kavu yenye mvua haba, na watu wake tangu zamani waliona kwamba shamba lao la hakika ni shule. Wamisionari walijenga huko shule nyingi, na kijana wa Jaffna aliyesoma alikwenda Colombo au ng'ambo kuwa karani, mwalimu, daktari au mwanasheria.

Kijana wetu alipita njia hiyo hiyo. Alisoma kijijini, kisha mjini Jaffna, na hatimaye katika shule ya St Thomas mjini Colombo. Katika shule hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, alisoma pia mtoto wa mkuu mmoja wa Kisinhala, jina lake Solomon Bandaranaike. Tunamwomba msomaji alihifadhi jina hilo, maana tutarudi kwake.

Mwaka 1918, angali na umri wa miaka ishirini hivi, Chelvanayakam alipata shahada ya sayansi ya Chuo Kikuu cha London kwa kusomea mbali. Akaanza kufundisha katika shule aliyosoma yeye mwenyewe. Hakudumu sana hapo. Ndugu yake aliugua ugonjwa wa mauti kule kijijini, naye akaomba ruhusa ya kwenda kumuona. Aliponyimwa, akaiacha kazi akaenda. Baada ya msiba alirudi Colombo, akafundisha sayansi katika shule ya Wesley, na huku akifundisha alisomea sheria.

Tumekitaja kisa hicho kwa sababu kinamuonesha mtu alivyokuwa. Hakuwa mgomvi wala mpenda makelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, mwili wake mwembamba, na baadaye masikio yake yakawa mazito na maradhi ya kutetemeka yakamshika. Watu waliomsikia jukwaani walilazimika kutega masikio. Hata hivyo, alipoona jambo ni haki alilishika, na gharama yake aliilipa kutoka mfukoni mwake. Katika uwakili alijulikana kwa mashauri ya madai, yale ya ardhi, mirathi na mikataba, na mwaka 1947 alipewa cheo cha mwanasheria wa Mfalme. Kazi hiyo ilimzoesha kuamini kwamba maandishi yaliyotiwa saini yana uzito.

Mgogoro wa kwanza: uraia

Aliingia katika siasa akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 45. Mwaka 1944 Watamili waliunda chama chao, All Ceylon Tamil Congress, chini ya wakili mashuhuri G. G. Ponnambalam, naye Chelvanayakam akawa miongoni mwa waasisi. Katika uchaguzi wa mwaka 1947 alichaguliwa mbunge wa jimbo la Kankesanthurai, lenye kijiji chake ndani yake. Tarehe 4 Februari 1948 Ceylon ikapata uhuru wake kwa amani, bila risasi kulia, na dunia ikaitolea mfano.

Hata mwaka wa kwanza wa uhuru ulikuwa haujaisha, Bunge likapitisha Sheria ya Uraia. Masharti yake yaliwekwa kwa namna ambayo wafanyakazi wa mashamba ya chai, wale Watamili wa milimani, hawakuweza kuyatimiza, kwani ni nani katika vibarua wale aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha baba yake na cha babu yake? Watu wapatao 700,000 wakajikuta hawana nchi. Mwaka uliofuata wakaondolewa katika daftari la wapiga kura. Mikono iliyochuma majani ya chai yaliyoiletea nchi fedha za kigeni haikuwa tena na haki ya kutia kura sandukuni.

Kiongozi wa chama, Ponnambalam, alikuwa wakati huo amepokea uwaziri katika serikali ile ile. Watamili wa Jaffna hawakuguswa na sheria hiyo. Ardhi yao, kura zao na kazi zao zilikuwa salama. Tena wengi wao waliwadharau wale vibarua wa milimani. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Chelvanayakam hakunyamaza. Aliona kwamba leo wamefikiwa wale, na kesho tutafikiwa sisi. Akajitenga na chama chake pamoja na wenzake wachache, na tarehe 18 Desemba 1949 mjini Colombo wakaunda chama kipya, kilichojulikana kwa Kiingereza kama Federal Party, yaani Chama cha Shirikisho. Dai lake lilikuwa kwamba kisiwa kibaki nchi moja, lakini kwa mfumo wa shirikisho, ambamo maeneo ya wanaozungumza Kitamili yangejiendeshea mambo yao ya ndani.

Wapiga kura hawakumshukuru. Katika uchaguzi wa mwaka 1952 chama chake kilipata viti viwili tu, na yeye mwenyewe akashindwa katika jimbo lake la nyumbani. Akarudi katika uwakili wake na akaendelea kusubiri.

Mgogoro wa pili: lugha, na ahadi ya kwanza

Tukumbuke sasa lile jina la Bandaranaike. Mwanafunzi yule wa zamani wa St Thomas, aliyelelewa katika Ukristo na kusoma Oxford, alikuwa ameingia katika dini ya Kibudha na kuwa kiongozi wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1956 aliwaahidi Wasinhala kwamba akishinda atakifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi ya pekee, na hilo atalitimiza ndani ya saa 24. Akashinda kwa kishindo. Katika uchaguzi huo huo kaskazini na mashariki walimpa Chelvanayakam viti kumi, maana sasa hofu aliyoitabiri ilikuwa imebisha hodi mlangoni mwao.

Tarehe 5 Juni 1956, mswada wa lugha ulipofikishwa bungeni, Chelvanayakam na watu wapatao 200 waliketi kimya katika uwanja wa Galle Face, mbele ya Bunge. Walifuata njia ya Gandhi iitwayo satyagraha, yaani kuonesha upinzani kwa kukaa na kuvumilia bila kurudisha pigo. Kundi la watu likawavamia, likawapiga na kuwatupia mawe. Fujo zikaenea mjini, kisha hadi bonde la Gal Oya upande wa mashariki, na watu wengi wakauawa. Sheria ikapita. Kwa karani wa Kitamili aliyeitumikia serikali kwa miaka ishirini, maana yake ilikuwa kwamba asipojifunza Kisinhala hana kazi. Na kwa mkulima wa Jaffna, kwamba barua kutoka ofisi ya serikali ya wilaya yake itakuja kwa lugha asiyoisoma.

Hata hivyo mwalimu yule na waziri mkuu yule walikaa meza moja. Tarehe 26 Julai 1957 walitia saini mapatano yanayojulikana hadi leo kwa majina yao wawili. Chelvanayakam hakupata shirikisho alilolidai, wala Kitamili hakikupewa usawa. Alikubali kidogo kuliko alichokitaka. Mapatano yalisema kwamba yataundwa mabaraza ya mikoa yenye madaraka juu ya kilimo, elimu, na ugawaji wa ardhi kwa walowezi wapya. Kwamba Kitamili kitatambuliwa kuwa lugha ya jamii ndogo ya taifa. Na kwamba kazi za serikali kaskazini na mashariki zitafanywa kwa Kitamili. Kwa upande wake, Chelvanayakam aliahirisha mgomo mkubwa aliokuwa ameutangaza. Alitimiza sehemu yake.

Upande wa pili haukuachwa utimize yake. Wapinzani wa Bandaranaike, wakiongozwa na J. R. Jayewardene, waliandaa matembezi kwenda Kandy kuyapinga mapatano. Watawa wa Kibudha wakanung'unika. Mwanzoni mwa mwaka 1958 serikali ilipeleka kaskazini mabasi yaliyoandikwa herufi ya Kisinhala kwenye vibao vya namba, Watamili wakazipaka lami herufi hizo, na huko kusini Wasinhala wakapaka lami maandishi ya Kitamili. Tarehe 9 Aprili 1958 watawa wapatao 200 walikuja wakaketi mbele ya nyumba ya waziri mkuu mjini Colombo, wakakataa kuondoka mpaka mapatano yafutwe, tena kwa maandishi. Kabla ya siku hiyo kwisha, akayafuta.

Wiki chache baadaye, mwezi Mei, kisiwa kikawaka moto. Watamili walishambuliwa katika treni, majumbani na mashambani. Mamia wakauawa, na maelfu waliokimbilia kambini mjini Colombo wakasafirishwa kwa meli hadi Jaffna. Hali ya hatari ikatangazwa, Chama cha Shirikisho kikapigwa marufuku kwa muda, na Chelvanayakam akazuiliwa nyumbani kwake. Ama Bandaranaike, mwezi Septemba 1959 alipigwa risasi nyumbani kwake na mtawa wa Kibudha, akafariki siku iliyofuata. Mtu aliyekubali kuvunja neno lake ili kuwaridhisha wenye jazba hakusalimika na jazba hiyo.

Ahadi ya pili

Mjane wake, Sirimavo Bandaranaike, akawa mwaka 1960 mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu. Sheria ya lugha ikaanza kutekelezwa kwa ukamilifu mwaka 1961. Mwezi Februari mwaka huo Chelvanayakam, akiwa na umri wa miaka 62 na afya yake imekwisha kudhoofika, aliongoza watu kuketi kwenye milango ya ofisi za serikali za wilaya kaskazini na mashariki. Wake kwa waume waliketi juani siku baada ya siku, na shughuli za serikali zikasimama kwa wiki kadhaa. Mwezi Aprili jeshi likapelekwa, na viongozi wakatiwa kizuizini kwa miezi kadhaa.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulimpa nafasi nyingine. Hakuna chama kilichopata wingi wa kutosha, na Dudley Senanayake wa chama cha UNP alihitaji viti vya Watamili ili aunde serikali. Tarehe 24 Machi 1965 wakatia saini mapatano: Kitamili kitumike katika uendeshaji na mahakama za kaskazini na mashariki, mabaraza ya wilaya yaundwe, na katika ugawaji wa ardhi wapewe kwanza wasio na ardhi wa maeneo yale. Mtu aliyeumwa mara moja alikubali kutia mkono tena. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba njia nyingine iliyobaki ni ile asiyoitaka.

Kanuni za lugha zilipitishwa mwaka 1966 huku kukiwa na maandamano barabarani. Lakini mswada wa mabaraza ya wilaya, uliokuwa roho ya mapatano, uliachwa mwaka 1968 kwa sababu wabunge wa chama tawala wenyewe waliuogopa. Chama cha Chelvanayakam kikajitoa serikalini mikono mitupu. Na vijana wa Jaffna, waliokuwa watoto wachanga wakati wa mapatano ya kwanza, walikuwa sasa wamekua na wanahesabu.

Uadilifu wa kusimulia unatutaka tutaje pia upungufu wake. Mwaka huo huo wa 1968 watu wa tabaka la chini, ambao desturi ya Kihindu iliwahesabu kuwa najisi, walidai haki ya kuingia katika hekalu la Maviddapuram, lililokuwa ndani ya jimbo lake la uchaguzi. Yeye na chama chake hawakusimama nao kwa ule uthabiti waliousimamia uraia wa vibarua wa chai. Mkristo akiwaongoza Wahindu, alichelea kuingilia mambo ya hekalu. Mtu anayedai haki kwa aliye juu yake hupimwa pia kwa namna anavyomtazama aliye chini yake, na katika jambo hilo alipungukiwa.

Kutoka shirikisho hadi kujitenga

Mwaka 1972 nchi ilipata katiba mpya na jina jipya. Katiba ile iliipa dini ya Kibudha nafasi ya kwanza, ikathibitisha Kisinhala kuwa lugha rasmi, na ikaondoa kifungu cha 29 cha katiba ya zamani kilichokusudiwa kuzikinga jamii ndogo na sheria za kibaguzi. Hali kadhalika, katika miaka hiyo masharti ya kuingia vyuo vikuu yalibadilishwa, kijana wa Kitamili akatakiwa alama za juu kuliko mwenzake wa Kisinhala. Kwa watu ambao shamba lao ni shule, hilo lilikuwa pigo la moyo.

Vyama vya Watamili vikaungana, na hata Ponnambalam, aliyeachana naye mwaka 1949, akakaa naye tena upande mmoja. Mwezi Oktoba 1972 Chelvanayakam alijiuzulu ubunge na kuitaka serikali iitishe uchaguzi mdogo, ili ionekane kama Watamili wanaikubali katiba ile au la. Serikali ikauahirisha uchaguzi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Ulipofanyika Februari 1975, mzee huyo, ambaye sasa mikono yake ilitetemeka na maneno yake yalisikika kwa shida, alipata kura zaidi ya 25,000 dhidi ya mpinzani aliyepata pungufu ya 10,000. Akatangaza kwamba matokeo hayo ni idhini ya kudai dola ya Watamili.

Miezi michache baadaye, Julai 1975, meya wa Jaffna, Alfred Duraiappah, Mtamili aliyeunga mkono serikali, aliuawa kwa risasi. Aliyehusika na mauaji hayo ni kijana mmoja aitwaye Velupillai Prabhakaran. Zama nyingine zilikuwa zimeanza.

Tarehe 14 Mei 1976, katika mkutano uliofanyika eneo la Vaddukoddai, muungano wa vyama ukiongozwa na Chelvanayakam ulipitisha azimio la kutaka nchi huru ya Watamili. Mtu aliyepigania shirikisho ndani ya nchi moja kwa muda wa miaka 27 aliishia kuidhinisha kutengana. Ni vigumu kusema kwamba aliyapenda mauaji. Hakuna katika maisha yake kinachoonesha hivyo. Lakini azimio lile liliwapa vijana lengo bila kuwapa njia, na njia wakajichagulia wenyewe. Tarehe 26 Aprili 1977 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 79. Umati mkubwa ulimuaga kwa majonzi, na mjini Jaffna akajengewa mnara wa kumbukumbu. Watu wake walimwita Baba Chelva.

Waislamu katika kisa hiki

Msomaji atauliza: Waislamu wa kisiwa kile walikuwa wapi? Chelvanayakam hakupenda kusema juu ya Watamili tu. Alisema juu ya watu wanaozungumza Kitamili, na katika usemi huo aliwakusudia Waislamu pia. Chama chake kiliwasimamisha Waislamu katika uchaguzi, na mwaka 1956 wawili walishinda kwa tiketi yake, katika majimbo ya Kalmunai na Pottuvil. Lakini hawakukaa. Waliondoka wakaungana na upande wa serikali, na mmoja wao, M. M. Mustapha, akaja kuwa Waziri wa Fedha.

Wapo waliowalaumu kwa hilo. Sisi tunaona jambo lenyewe ni zito zaidi ya lawama. Takriban theluthi moja tu ya Waislamu waliishi upande wa mashariki; waliobaki walitawanyika miongoni mwa Wasinhala, wakifanya biashara katika miji na vijiji vyao. Siasa za kugawana ardhi kwa lugha zingewaacha wengi wao ugenini. Tena hata wale wa mashariki walijiuliza: ndani ya mkoa wa Watamili, je, sisi tutakuwa nani? Mzee Chelvanayakam aliwakaribisha kwa moyo safi, lakini aliwakaribisha kwa jina alilolichagua yeye, wala si kwa jina walilojiita wao.

Jibu la swali lao lilikuja baada yeye kufariki, na lilikuja kwa damu. Mwaka 1981 maktaba ya Jaffna, yenye vitabu zaidi ya 90,000, iliteketezwa kwa moto. Julai 1983 Watamili waliuawa kwa wingi mjini Colombo na kwingineko, na vita kamili vikaanza. Wapiganaji wa Prabhakaran, waliojiita Tamil Tigers, waliwageukia kwanza Watamili wenzao, A. Amirthalingam, mrithi wa Chelvanayakam katika uongozi, walimuua mwaka 1989. Tarehe 3 Agosti 1990 wakawapiga risasi Waislamu zaidi ya 100 waliokuwa katika sala ya Isha katika misikiti miwili ya Kattankudy, wakiwamo watoto. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wakawafukuza Waislamu wote wa kaskazini, wapatao 70,000. Wale wa mji wa Jaffna walipewa saa mbili tu. Walitoka na nguo walizovaa, wakaacha nyumba, maduka na misikiti, na wengi wakaishi kambini Puttalam kwa miaka mingi. Jamii iliyodhulumiwa na walio wengi ikawadhulumu walio wachache kuliko yenyewe.

Vita vilimalizika Mei 2009. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kati ya 80,000 na 100,000 walikufa.

Yatokanayo

Ndugu wasomaji, mambo aliyoyataka mwalimu yule katika mapatano ya mwaka 1957 tumekwisha kuyataja: mabaraza ya mikoa na lugha ya Kitamili katika ofisi za serikali. Mwaka 1987, baada ya miaka 30 na baada ya damu nyingi, serikali iliyoongozwa na Jayewardene, yule yule aliyefanya matembezi ya kupinga, iliibadilisha katiba, ikaunda mabaraza ya mikoa na kukifanya Kitamili kuwa lugha rasmi. Ama vibarua wa chai, maelfu kwa maelfu walirudishwa India kwa makubaliano ya mwaka 1964, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na waliosalia bila uraia waliupata kwa sheria ya mwaka 2003. Kilichokataliwa kikiwa rahisi kilitolewa kikiwa ghali, na wengi ambao kingewafaa walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tunajifunza kwamba mtu mpole anayekuja na karatasi na kalamu ni neema kwa mtawala, hata akiwa mpinzani wake. Akirudishwa mikono mitupu mara ya kwanza, huja tena. Akirudishwa mara ya pili, wanaomtazama nyuma yake, wanawe na wanafunzi wake, huhitimisha kwamba upole haulipi. Na hao wakija, hawaji na kalamu.

Tunajifunza pia kwamba dhulma humfunza aliyedhulumiwa mambo mawili: ama kumhurumia mwenzake, au kumfanyia aliyofanyiwa. Chelvanayakam alichagua la kwanza pale alipowatetea vibarua ambao hawakuwa wapiga kura wake. Waliokuja baada yake walichagua la pili, na Waislamu wa Kattankudy na Jaffna ndio waliolipa.

Tuwafundishe watoto wetu kwamba ahadi ni deni hata inapokuwa imewekwa na wakubwa, na hata inapokuwa kwa watu wasio wa dini yetu wala lugha yetu. Familia yenye mtoto mmoja anayenyimwa kila anachoahidiwa haiwezi kulala kwa amani; seuze nchi.

Wabillahi tawfiq.